Mtu Nyuma ya Jina

Kila mtu huishi chini ya majina mengi. Nyumbani ni baba au mama, mwana au mkwe. Kazini ni karani, mvuvi, mwalimu au mlinzi. Mbele ya serikali ni raia, mgeni au mkimbizi. Majina hayo yana faida zake. Ndiyo yanayojulisha nani ampishe nani njiani, nani aamue neno na nani alipe deni. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo majina hayo hayalitaji, nalo ni yule mtu mwenyewe anayeyabeba: anayoyakumbuka usiku, yanayomchekesha, anayoyahofu na anayoyatamani. Wazee wanapotaka kumsifu mtu kwa sifa iliyo kubwa kuliko zote husema kwamba ana utu. Hawasemi kwamba ana cheo.

Kumtoa mtu huyo nje ya majina yake, hata mwenziwe akamwona na kumtambua, ni mojawapo ya kazi za zamani za sanaa. Wengi hudhani kwamba sanaa ni pambo la wenye nafasi, yaani jambo la kufanywa baada ya chakula na mavazi kupatikana. Hali ya watu waliohamia kandokando ya Ziwa Mweru inaonyesha vinginevyo. Aliyepoteza nyumba, shamba na majirani ndiye anayehitaji zaidi kujulikana kuwa yeye ni nani.

JINA MOJA KWA WATU WENGI

Mantapala ni makazi ya wakimbizi yaliyo katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Yalifunguliwa Januari 2018. Miezi michache kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakikimbia mapigano. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha wakahamishiwa Mantapala. Tangu mwanzo ilikusudiwa kwamba huko wageni na wenyeji watumie pamoja shule, zahanati na visima, badala ya kila upande kuwa na vyake.

Kila aliyefika aliandikwa: jina, umri, mahali alikotoka na idadi ya watu wa nyumba yake. Uandikishaji huo hauna budi kufanyika. Bila ya orodha hakuna ugawaji wa haki, na mtoto aliyepotezana na wazazi wake hatafutiki. Lakini orodha ina mipaka yake. Humwuliza mama ana watoto wangapi. Haimwulizi aliwabembeleza kwa wimbo gani. Humwuliza mzee alitoka kijiji gani. Haimwulizi ni nani kijijini humo aliyekuwa akiwachekesha wenzake mpaka wakasahau njaa. Siku ya kupokea msaada fundi wa cherehani, mvuvi, mkulima na mwalimu husimama katika mstari mmoja, na wote huitwa kwa jina moja.

Hasara ya jambo hilo huja polepole. Mtu anayeitwa mkimbizi kwa miaka mingi huweza kuanza kujitazama kwa jicho la orodha. Kibaya zaidi ni kwamba mtoto aliyezaliwa makazini, ambaye hakukimbia kutoka popote, hulirithi jina hilo pamoja na nguo za kaka yake. Mtoto huyo akikosa mtu wa kumwambia yeye ni wa nani na ametoka katika masimulizi gani, jina la kadi ndilo litakalobaki kuwa jina lake.

UKUMBUSHO WA KATANGA

Walioingia kutoka Haut-Katanga wametoka katika jimbo lenye historia ndefu ya kutumia picha kwa kazi hiyohiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970, mjini Lubumbashi na katika miji mingine ya migodi, walikuwako wachoraji waliochora kwa ajili ya watu wa kawaida. Walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga vilivyowambwa kwenye fremu za mbao. Waliuza kazi zao kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodini au karani aliweza kuimudu, naye aliitundika picha sebuleni mwake.

Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu mjini Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alichunguza kwa nini watu wenye mishahara midogo walinunua picha hizo. Neno lililojitokeza mara kwa mara lilikuwa la Kiswahili: ukumbusho. Picha haikununuliwa kwa kuwa ni nzuri tu, bali kwa kuwa inakumbusha. Wenyewe waliyapanga mambo yanayokumbushwa katika mafungu: vitu vya bankambo, yaani vya mababu, vitu vya zamani, yaani vya wakati wa ukoloni, na vitu vya sasa. Mgeni alipoketi sebuleni na kuinua macho, mazungumzo yalianza. Mwenye nyumba, ambaye kutwa nzima alikuwa namba katika daftari la kampuni, hapo alikuwa msimulizi, na aliyoyasimulia yalikuwa yake.

Picha mojawapo iliyopendwa sana iliitwa Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji. Ndani yake mfungwa aliyevaa nguo za milia amelazwa chini, askari mwenzake Mwafrika anamchapa, na Mzungu mwenye mamlaka anatazama. Mara nyingi huonekana pia wanawake waliokuja kuwaona jamaa zao walio kifungoni. Kila mmoja katika picha hiyo amevishwa kazi yake: mmoja ni wa kuamuru, mwingine wa kuchapa, mwingine wa kuchapwa. Mtazamaji ndiye anayeombwa kuuliza swali ambalo sare hazilijibu. Askari huyu ni mtoto wa nani? Akirudi nyumbani jioni humwambia nini mkewe? Picha haikumtukana mtu wala kumtetea. Ilimweka kila mmoja mahali anapoweza kuonekana.

Aliyefika mbali zaidi katika kazi hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Hakuridhika kuitwa mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi yake, tangu enzi za mababu hadi siku zake mwenyewe, na kila picha aliieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Maelezo hayo pamoja na picha zilichapishwa na Fabian katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nyingi za picha zake za historia zimehifadhiwa mjini Amsterdam, mbali na sebule za Katanga. Lakini jambo alilolithibitisha halikutoweka naye. Mtu asiye na cheo, mwenye gunia la unga na rangi kidogo, anaweza kusema: haya ndiyo niliyoyaona, na hivi ndivyo nilivyoyaelewa.

Mambo kama hayo yalifanyika jukwaani pia. Kundi la maigizo la Mufwankolo, mashuhuri mjini Lubumbashi, lilitunga michezo yake kwa Kiswahili bila ya maandishi, wachezaji wakikubaliana juu ya kisa na kuyatafuta maneno katika mazoezi. Mwaka 1986 lilitengeneza mchezo juu ya utawala, uliotokana na usemi kwamba utawala huliwa mzima. Mtu wa kawaida akavaa mavazi ya chifu, akaonyesha jinsi cheo kinavyombana anayekivaa, kisha akayavua na kurudi nyumbani kwake. Watazamaji walioliona vazi likivaliwa na kuvuliwa walijifunza kwamba vazi si ngozi.

SANAA INAYOMVIKA MTU WAJIBU

Haifai kudhani kwamba wajibu na vyeo ni adui wa utu. Zipo sanaa ambazo kazi yake ni kumvika mtu wajibu wake kwa heshima, na wenyeji wa sehemu hizo za Zambia wanazijua vyema. Miongoni mwa Wabemba, ambao lugha yao hutumika sana katika mkoa wa Luapula, ipo sherehe ya chisungu, yaani unyago wa msichana aliyevunja ungo. Wanawake wazima hufinyanga sanamu za udongo na kuchora alama ukutani. Vitu hivyo huitwa mbusa, na kila kimoja kina wimbo wake na mafunzo yake. Mtaalamu Audrey Richards aliishuhudia sherehe hiyo mwaka 1931, nayo ilichukua siku 23. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1956.

Mbusa humfundisha msichana kuwa mke, mama na mtu wa jamii. Hayo ni majina mazito, naye hayabebi peke yake. Hukabidhiwa na wanawake walioyabeba kabla yake. Tofauti kati ya jina la namna hiyo na jina la mkimbizi ni kubwa. La kwanza hutolewa na watu wanaomjua msichana, wakamwimbia na kumfinyangia udongo kwa mikono yao. La pili hutolewa mpakani, kwa haraka, na mtu asiyemjua. Kwa hiyo tatizo si kuwa na jina. Tatizo ni kuwa na jina ambalo halina mtu anayelisimulia.

WOTE WALIVUKA MAJI

Jambo hilo lina maana ya pekee katika mwambao wa Mweru, kwani huko hata wenyeji wenyewe hucheza ngoma ya kuvuka. Kusini mwa Nchelenge, kwenye bonde la mto Luapula, iko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, hufanyika huko sherehe ya Mutomboko. Sherehe hiyo huwakumbuka mababu wa Walunda waliotoka magharibi, katika nchi ambayo leo ni Kongo, wakavuka mito hadi wakafika katika bonde hilo. Kilele chake ni pale Mwata mwenyewe anaposimama na kucheza mbele ya watu wake.

Ni kweli kwamba Walunda wa kale walivuka wakiwa na silaha na nguvu, na waliovuka mwaka 2017 walikuja wamebeba watoto na vifurushi. Mambo hayo mawili hayalingani. Hata hivyo, mwenyeji anayeshangilia uvukaji wa babu yake ana njia iliyo tayari ya kumwelewa jirani aliyevuka juzi. Zaidi ya hayo, mpaka wenyewe si wa kale. Mstari unaofuata Luapula na kupita ziwani ulikubaliwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo, wala wavuvi wa pande mbili hawakuulizwa. Wapo Wabwile upande huu na Wabwile upande ule. Katika ofisi mmoja huandikwa mwenyeji na mwingine mgeni. Katika wimbo wa kuvuta wavu tofauti hiyo ni vigumu kuisikia.

MFANO WA DZALEKA

Kwamba sanaa inaweza kuyageuza majina hayo si jambo la kufikirika tu. Katika nchi jirani ya Malawi, wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Wakongo ni wengi miongoni mwa wakazi wake, na Kiswahili husikika sana. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongo aliyekuwa akiishi huko, ajulikanaye kwa jina la kisanii la Menes La Plume, alianzisha tamasha lililopewa jina la Tumaini. Wanamuziki, wacheza ngoma, washairi na waigizaji, wakimbizi kwa raia, hukutana kambini kila tamasha linapofanyika, nao wananchi wa Malawi na watu wa nchi nyingine huja kutazama.

Katika mipango yote ya tamasha hilo, mmoja unastahili kuzingatiwa na kila mama na baba wa nyumba. Baadhi ya wageni hulala katika nyumba za wakimbizi. Mtu ambaye mwaka mzima amekuwa mpokeaji, siku hiyo anakuwa mpokezi. Ndiye anayetandika kitanda, anayechemsha maji na kumwonyesha mgeni njia ya chooni. Mgeni aliyekula ugali katika nyumba hiyo na kucheka na watoto wake hawezi tena kusema wakimbizi kana kwamba anataja mzigo. Atasema jina la mtu.

Pamoja na hayo, sanaa isipewe sifa isizo nazo. Tamasha halikuibadilisha sheria ya Malawi inayowataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo iliwarudisha Dzaleka wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Wimbo haujazi chungu, wala picha haimpi mtu kibali cha kazi. Anayedai kwamba ngoma inatosha mahali pa chakula na haki anawadhihaki wenye shida. Linaloweza kusemwa kwa haki ni hili: chakula humweka mtu hai, na kujulikana humfanya aendelee kuwa mtu. Moja halichukui nafasi ya lingine.

KAZI INAYOWEZA KUFANYWA NYUMBANI

Nyumba yoyote, iwe ya Mantapala, ya Nchelenge, ya Kigoma au ya Dar es Salaam, inaweza kufanya ukumbusho wake bila ya fedha. Mkaa wa jikoni, majivu, udongo mwekundu na upande wa katoni kuukuu vinatosha. Hatua zake ni rahisi.

Kwanza, aliye mkubwa asimulie, na aulizwe maswali ambayo orodha haiyaulizi. Nyumba ya bibi ilinukia nini asubuhi? Nani alikuwa mvivu, na alisingizia nini? Ni kitu gani kilichokuwa kikiogopwa gizani? Maswali madogo hufungua mambo makubwa, kwa sababu msimulizi hajitayarishi kuyajibu kama anayejibu ofisini.

Pili, mtoto achore alichokisikia. Mkubwa asimsahihishe kwamba mtumbwi hauwi hivyo au kwamba ng'ombe hana miguu mitano. Picha hiyo haishindanishwi. Ni ushahidi kwamba neno limetoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine.

Tatu, picha iwekwe mahali mgeni anapoketi, kama walivyofanya watu wa Lubumbashi. Picha iliyofichwa sandukuni haimkumbushi mtu. Akiuliza mgeni, aliyechora ndiye ajibu, hata kama ni mtoto.

Nne, mgeni naye aombwe kusimulia lake. Mkongo akimwonyesha Mbemba picha ya kijiji chake, amwulize pia juu ya ngoma za kwao. Wenzi wanaosimuliana hawabaki mwenyeji na mgeni kwa muda mrefu.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Aliyepatwa na mabaya ya vita asilazimishwe kuyachora wala kuyasimulia. Aanze na linalompendeza, hata kama ni mti wa mwembe tu, na mengine yangoje siku yake. Mtoto anayechora jambo lilelile la kutisha kila siku, asiyelala au asiyetaka kucheza na wenzake, apelekwe kwa mganga wa zahanati. Hilo ni jambo la afya, si la sanaa peke yake.

Wala wasidhani wasiohama kwamba haya hayawahusu. Ziko nyumba nyingi zenye utulivu ambamo mume na mke wameishi miaka 20 wakiitana baba fulani na mama fulani, mmoja akimjua mwenziwe kwa kazi anazozifanya, wala hajui alitaka kuwa nini alipokuwa na miaka 15. Baba hujulikana kwa ada ya shule na mama kwa chakula cha jioni. Watoto huja kusikia mambo ya wazazi wao siku ya matanga, kutoka kwa vinywa vya watu wengine, nao hustaajabu kama wanaosimuliwa habari za mtu baki. Nyumba ya namna hiyo nayo inahitaji picha moja ukutani na swali moja baada ya chakula.

Mantapala itaendelea kuwa na orodha zake, na ni vema orodha hizo zitunzwe kwa uangalifu. Lakini mtoto aliyezaliwa huko baada ya 2018 amekwisha kuwa na umri wa kwenda shule, na huko shuleni ataulizwa na mwenziwe wa Kibemba yeye ni nani. Jibu lake litategemea yale ambayo watu wa nyumbani kwake wamemsimulia, wamemwimbia na kumchorea. Kadi anayo tayari. Mengine yote hana budi kuyapata kwao.